Kipimo cha Jiko la Mama Claudia

Fundi Hamudi alifika Kitangari saa mbili asubuhi, akaegemeza baiskeli ukutani, akamwamkia mwenye nyumba, kisha akauliza swali ambalo mwenye nyumba hakulitarajia hata kidogo.

"Mama ana urefu gani, mzee?"

Mzee Optatus alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Alikuwa na daftari, na ndani yake mchoro wa rula, maana alikuwa bwana shamba wa serikali mpaka alipostaafu na hakupenda mambo ya kukisia. Jiko la matofali litakalogusana na nyumba. Madirisha mawili. Jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi. Meza ya zege, mtu apike amesimama. Na sinki, ambalo maji yake yatatoka kwenye kisima cha mvua nyuma ya nyumba. Sinki ndilo alilojivunia kuliko vyote. Mkewe Yasinta alianza kushuka bondeni kuteka maji akiwa mtoto, na kila ukame ulipokausha visima alishuka tena na ndoo yake.

"Urefu wa nini?" akauliza.

"Meza inajengwa kwa kimo cha mpishi. Ikiwa juu, mabega yatamuuma. Ikiwa chini, mgongo."

"Ni wa kawaida tu. Ananifika hapa." Akagusa bega. Akashusha mkono kidogo. Akaupandisha tena.

Hamudi alikuwa mtu mwenye adabu, akajifanya anatafuta penseli mfukoni.

Yasinta aliondoka kwenda Dodoma kumsaidia binti yao Claudia, aliyekuwa amejifungua mapacha. Miezi mitatu, alisema. Mapacha hao sasa wanasoma chekechea. Hakukuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililomtesa mzee, kwa sababu kungekuwa na ugomvi angejua pa kuanzia kuomba radhi. Alipopiga simu, Yasinta aliongea naye vizuri, akamuuliza hali ya mikorosho na presha yake. Alipouliza lini anarudi, aliambiwa bado kidogo. Mwaka wa pili akaacha kuuliza. Aliogopa kwamba siku moja jibu lingebadilika.

Kwa hiyo alikula stendi, chapati na maharage, mchana na jioni, akiwa amekaa kiti cha pembeni ili watu wadhani yuko safarini. Ajabu ya mtu mzima kujidanganya: Kitangari nzima ilimfahamu.

Ila alikumbuka neno moja. Jioni fulani, zamani, Yasinta alitoka jikoni akifuta macho kwa khanga, akasema, "Jiko hili litaniua, Baba Claudia." Naye akajibu, "Tutaona," bila kuinua uso kutoka kwenye redio. Neno hilo alilishikilia sasa kwa mikono miwili. Jiko ndilo lililomfukuza, basi jiko ndilo litakalomrudisha. Angemaliza kujenga, ampelekee picha, na Yasinta angepanda basi.

"Anatumia mkono gani?" Hamudi akaendelea. "Nijue sinki likae upande upi."

"Wa kulia. Kwani watu wanatumia upi?"

Kicheko kikatoka upande wa pili wa ua wa mianzi. Alikuwa Stamili, jirani yao, mwenye kuku waliokuwa wakitaga ndani ya jiko la zamani tangu libaki tupu.

"Mama Claudia? Wa kushoto huyo!"

"Nimekula naye miaka thelathini na minne," mzee akang'aka. "Anakula kwa mkono wa kulia."

"Mbele yako, Baba Claudia, kama alivyofundishwa kwao. Jikoni anasonga ugali kwa kushoto, anakatia mboga kwa kushoto. Na usimjengee meza ya kukaa. Goti lile lilikuwa haliinuki tena, mimi ndiye niliyekuwa namvuta mkono."

"Goti gani?"

Stamili hakucheka tena. "La kulia," akasema taratibu, akarudi zake kwenye kazi.

Mzee alibaki na daftari mkononi. Alilelewa kwenye nyumba ambayo mwanamume aliyeonekana mlangoni mwa jiko aliitwa mfunua vyungu, na watoto walimwimbia jina hilo mpaka anahama njia. Hakutaka kuitwa hivyo. Chakula kilimfikia barazani kimefunikwa kawa, akala, akanawa, akashukuru. Alidhani hiyo ndiyo heshima.

Akaenda kwenye jiko la zamani, akafungua kamba ya mlango, akaingia. Ilimbidi ainame. Kuku mmoja akamkasirikia. Palikuwa na mafiga matatu na kigoda kifupi, na ukuta wote mweusi wa masizi. Akakaa juu ya kigoda. Magoti yakamfika kidevuni na goti moja likalia. Hakuna upande wowote wa chumba kile uliomwezesha mtu kuona barazani. Alikaa mle peke yake akaona aibu, na aibu ilipopungua akamkumbuka mkewe kwa namna iliyomuuma kifuani kabisa, kama hajawahi kumkumbuka kabla ya hapo.

"Mpigie, mzee," Hamudi akasema kutoka nje. "Apime kutoka kisigino mpaka kiwiko. Mimi natoa kiganja kimoja, meza inatoka sawa."

Akapiga akiwa humo humo. Sauti za watoto zilitangulia, kisha ya Yasinta.

"Baba Claudia! Mbona asubuhi? Unaumwa?"

"Siumwi. Najenga jiko." Akamwambia yote, haraka haraka, bomba la moshi, madirisha, sinki upande wa kushoto.

"Wa kushoto?" Yasinta akauliza. "Nani kakwambia?"

"Stamili."

"Aa."

"Sikujua, Mama Claudia. Na goti pia sikujua. Sikuwahi kuuliza. Sasa fundi anataka kipimo chako. Kisigino mpaka kiwiko."

Mtoto mmoja kule Dodoma alikuwa anaita bibi, bibi, na Yasinta alimwambia asubiri. Aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa ya upole, na mzee angeona afadhali kama ingekuwa ya hasira.

"Ni jiko zuri, Baba Claudia. Kweli ni zuri. Ila sinki liweke kulia, na kipimo chukua chako."

Alitoka nje akiwa bado ameshika simu, iliyokwisha kukatika. Hamudi alikuwa amekwisha kuvuta futi yake ya chuma na kuweka penseli tayari.

"Kasema ngapi, mzee?"

Mzee Optatus akavua kandambili. Akasimama wima juu ya udongo mtupu, visigino pamoja, akakunja kiwiko.

"Pima," akasema.