Mwanafunzi wa Maonyesho

Kitu cha kwanza nilichoona ni ncha ya tai ya sare. Ilikuwa imetafunwa. Kuna msichana aliyekuwa akiitia mdomoni darasani, akaitafuna mpaka nyuzi zikachomoka, na mate yake yakakaukia pale yakawa magumu, rangi ya chai. Kila nilipoinamisha kichwa niliiona. Nikaivaa hivyohivyo, maana aliyenipa ile tai alikuwa dairekta mwenyewe, mwenye shule.

"Leo wewe ni mwanafunzi," aliniambia. "Jina lako Nelly. Kidato cha tatu."

Jina langu ni Akeno. Naishi Nawoitorong, na kila asubuhi natembea mpaka ng'ambo ya mji wa Lodwar, kwenye shule ya sekondari ya wasichana, ya kulipia, nafua shuka na kuchota maji ya jikoni. Mimi mwenyewe niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao ukame ulimaliza mbuzi wetu. Dairekta Lokuruka alinichagua kwa sababu mwili wangu ni mdogo na mimi siongei. Nina haya. Mtu akinitazama sana, maneno hunikimbia.

"Huyu ndiye anafaa," alimwambia dereva. "Wanafunzi wenyewe wana mdomo."

Dereva, Lokiru, alikuwa amevaa koti jeupe la maabara juu ya suruali yake yenye oili. Yeye siku hiyo alikuwa mwalimu wa Fizikia.

"Na wakiniuliza swali?" aliuliza tukiwa tumeshaiacha Lodwar nyuma.

"Sema mada hiyo bado hamjafika."

"Mada gani?"

"Endesha gari, bwana."

Tulikuwa tunaenda Kakuma kutafuta wasichana wa kambi ya wakimbizi. Kule kuna wazazi wenye ndugu Australia na Amerika, ndugu ambao wako tayari kulipa karo mradi mtoto alale ndani ya ua, penye kitanda na mlango unaofungwa. Dairekta alikuwa ameipata hiyo harufu kama fisi. Njia nzima alinifundisha namna ya kusimama.

"Ukitabasamu, funga mdomo. Hilo pengo lako la chini linaonyesha umetoka malishoni jana."

Niling'olewa meno mawili ya chini nikiwa mtoto, kama desturi yetu Waturkana. Mama yangu hana, bibi yangu hana. Sikuwahi kulionea haya lile pengo mpaka siku ile. Nilifunga mdomo, nikautazama mto mkavu ukipita dirishani.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, mabati juu, joto la kutosha kuchemsha uji. Akina mama wengi wa Sudan Kusini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na wasichana wao, na wanaume wachache warefu nyuma ukutani. Dairekta alibandika picha kubwa ya shule, kisha akaanza kutaja kila kitu ambacho shule inawapa watoto na wazazi. Mimi nilisimama kando ya picha kama chupa dukani.

"Maabara ya kisasa!" alisema, na Lokiru akainamisha kichwa kama mtu anayepokea sifa.

Hiyo maabara naipiga deki kila Ijumaa. Ndani kuna meza moja ndefu na chupa zenye maji mekundu, ya kijani na ya manjano. Ni unga wa juisi. Nilijua siku nilipokuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye zile chupa, wanapanda na kushuka, wameshiba. Wageni wakija, sisimizi hupuliziwa dawa na mimi huwafagia.

"Muuguzi yupo usiku na mchana!"

Muuguzi ni mpishi wetu. Ana kopo la vidonge vyeupe, vya kichwa, na ndivyo anavyogawa hata kwa mtu mwenye kidonda.

"Na ninyi wazazi hatujawasahau. Kila wiki mzazi anapata ujumbe kwenye simu kuhusu maendeleo ya mtoto wake."

Hiyo ni kweli, ujumbe hutumwa. Unaandikwa kwa Kiingereza, mmoja kwa wote, kwamba mtoto ni mzima na ana bidii. Wasichana walipoharisha muhula uliopita, mpaka nikawa naanika shuka kwenye ua wa miiba kwa sababu kamba hazikutosha, wazazi walipata ujumbe uleule.

Halafu akasema juu ya maji. Akanyoosha kidole kwenye picha, kwenye tangi letu la juu lililopakwa rangi ya bluu inayong'aa. "Maji safi, saa zote, ndani ya shule. Mtoto wako hatapanga foleni na jerikeni tena." Akina mama wakaguna kwa kutamani. Mimi nikameza mate, nikahisi yana ladha ya ile tai.

Msichana mmoja wa benchi la mbele hakuwa anatazama picha. Alikuwa ananitazama mimi. Alitazama soksi, sketi, beji ya sweta, akarudi kwenye soksi. Watu walipoinuka, alikuja akaligusa sweta langu mkononi kwa vidole viwili.

"Ni zito," alisema. "Hamsikii joto?"

Nikatikisa kichwa.

"Mimi naitwa Nyawal. Nikija tutakuwa bweni moja?"

Kabla sijatafuta pa kuangalia, mama yake akafika. Nyawech ni mwanamke mrefu, ana kibanda cha chai na samaki wakavu mbele tu ya kanisa, na nguo yake ya lawa imefungwa begani kwa fundo kubwa. Anawauzia Waturkana wanaoleta kuni, kwa hiyo alinisalimu kwa lugha yangu.

"Ejok."

"Ejok noi," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Mwalimu," akamgeukia dairekta, "huyu mtoto mimi nachukua kidogo, nakunywa chai. Kuna maneno ya wanawake nataka kuuliza."

Dairekta alicheka. "Mama, uliza mimi. Mimi ni baba yao wote."

"Wewe nakaa bweni na wao?"

Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Dairekta naye akacheka kwa kuchelewa, akanitazama. Macho yake yalisema yote. Kisha yeye na Lokiru wakaenda hoteli ya Wasomali kula nyama.

Kwenye kibanda nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nyawal aliketi chini karibu na miguu yangu, kama vile sisi tayari tunajuana. Nyawech akanipa chai yenye tangawizi, moto sana, nikaivuta kwa mdomo wazi ili nisiungue. Hapo akaona.

"Eh!" Akaweka birika chini. "Fungua mdomo."

Nilifunga.

"Fungua, mama. Usiogope." Akavuta mdomo wake mwenyewe wa chini kwa kidole. Hakuna jino hata moja mbele. "Angalia. Na sisi Wanuer natoa. Hata nyinyi?"

"Hata sisi," nikasema.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwita jirani, muuza sabuni, aje aone. "Huyu ni mtu wetu! Huyu amekaa kwa ng'ombe kama sisi, na sasa iko kidato cha tatu!" Akanishika shavu. Mkono wake ulinuka samaki na ulikuwa laini. "Mimi nilikuwa naogopa. Mtu na tai anaongea tamu, mimi naogopa. Lakini hii mdomo haiwezi kudanganya mimi. Nyawal, leo jioni tunapigia mjomba yako wa Australia. Jumatatu unaenda."

Nyawal alifunika uso kwa mikono yote miwili, na nyuma ya mikono nikasikia anacheka au analia.

Kumbe nilikuwa nimeletwa kwa kazi hii. Dairekta mwenyewe hakujua. Alinikataza kuonyesha pengo, na pengo ndilo lililomuuzia mtoto wa watu. Nilitazama ile chai mkononi mwangu, safi, imechujwa, na nikaona tangi letu.

Mfuniko wa lile tangi ulipasuka zamani. Njiwa huingia kutafuta maji, wengine hawatoki. Mimi ndiye ninayepanda ngazi na ndoo na kipande cha chandarua, nawatoa. Wengine wanakuwa wamekaa siku nyingi, unashika bawa, bawa linabaki mkononi na mwili unarudi majini. Manyoya hukwama kwenye bomba la jikoni. Nilimweleza dairekta, mara moja tu, nikiangalia chini. Akaja fundi. Nilifurahi nikadhani analeta mfuniko. Alikuwa na kopo la rangi ya bluu na brashi. Wasichana walipoharisha, dairekta aliwaambia asubuhi kwenye gwaride kwamba ni woga wa mtihani. Yeye mwenyewe hunywa maji ya chupa, na chupa tupu hutupa dirishani, nami naziokota.

"Mama," nikasema.

Sauti ilitoka mbaya, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nyawech akaendelea kuongea na muuza sabuni.

"Mama, mimi sisomi kule."

Akageuka.

"Mimi nafua. Niliacha darasa la sita. Hii nguo si yangu." Nilipoanza sikuweza kuacha. Nikamweleza tangi, na mabawa, na shuka kwenye miiba, na juisi ya maabara, nikiyatazama majivu ya jiko lake muda wote. Muuza sabuni alifunika mdomo. Nyawech alichukua kikombe changu taratibu akakiweka chini.

"Na wewe nakuja hapa nasimama?" aliuliza. "Mbele ya watoto wetu, nasimama?"

Nikaivuta ile tai ikalegea.

Dairekta alirudi na kijiti cha meno mdomoni. Nyawech alikuwa akimsubiri katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Mwalimu! Huyu mtoto iko kidato cha ngapi?"

"Cha tatu, mama. Nelly, hujamwambia?"

"Nelly nani? Huyu nafua nguo! Njiwa nakufa kwa maji, watoto nakunywa, wewe napaka rangi?"

Kijiti kilisimama. Alinitazama, halafu akatabasamu kwa wote waliokuwa wanakusanyika. "Akina mama, huyu dada ana matatizo kidogo. Tunamsaidia tu pale shuleni. Na hii ni matangazo, kila shule inafanya. Hata sabuni kwenye televisheni, yule anayefua si mfuaji."

"Sabuni mtu nalipa, naosha," alisema muuza sabuni. "Wewe unauza nini?"

Mzee mmoja mrefu akamwonyesha Lokiru kwa bakora. "Na huyu? Huyu anafundisha nini?"

"Fizikia," Lokiru alisema, na hapohapo akaanza kuvua koti. "Lakini bado hatujafika hiyo mada."

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa kikubwa kuliko soko. "Mwalimu wa Fizikia, washa gari!" walipiga kelele. "Washa gari, mwalimu!" Lokiru mwenyewe alikuwa anacheka akielekea garini, Mungu amsamehe.

Dairekta hakucheka. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya nyama ya mbuzi kwenye pumzi yake.

"Vua sare ya watu," alisema. "Na Lodwar utaenda kwa miguu."

Nyawech alinipeleka nyuma ya pazia la gunia. Nilivua sketi, sweta, soksi. Tai niliivua mwisho, nikaishika kwa ncha ya kidole kama ninavyowashika wale njiwa. Akanipa lawa yake ya zamani, akanifunga begani. Hakuniangalia usoni, wala hakunisukuma. Sare aliitupa mwenyewe kupitia dirisha la gari, na gari likaondoka. Kisha akarudi kuuza chai, kwa sababu wateja walikuwa wameongezeka.

Nyawal nilimkuta nyuma ya kibanda, ameketi juu ya magunia ya mkaa. Macho yalikuwa mekundu. Alisogea ili nisikae karibu, nikakaa hata hivyo, mwisho wa gunia.

"Si ungenyamaza tu?" alisema. "Ulinyamaza kanisani vizuri sana. Ungemalizia."

"Maji yale—"

"Hapa tunakunywa maji gani? Darasani kwetu tunakaa mpaka nje mlangoni. Mjomba alisema ni shule hiyo yenye ua au hakuna, sasa atamtumia pesa binamu yangu. Wewe hujui. Wewe uliacha, hukutaka."

Pale Lodwar nimewahi kusimama nje ya dirisha la darasa na beseni la shuka kichwani mpaka maji yakanitiririkia mgongoni, na mtu akipita nasema napumzika. Sikumwambia mama, wala mpishi.

"Mimi ningeenda," nikasema.

Nyawal akanigeukia. "Na zile njiwa?"

"Nawajua wote. Dairekta angeniambia ile sare ni yangu kweli, niingie Jumatatu, ningeingia. Ningekunywa."