Mtama wa Jumamosi

Bazilio, fundi baiskeli wa karibu na stendi ya Kasulu, hakuwa mlevi, na anayemsingizia ulevi ana lake jambo. Kibuyu kimoja kilimtosha, na akiinuka aliinuka wima. Maradhi yake yalikuwa ya kutafuta. Tangu wakimbizi wa Burundi wa kambi ya Mtabila walipopakiwa kwenye malori kurudishwa kwao mwishoni mwa 2012, kila akipata nafasi alitoka kwenda kuonja pombe ya ndizi ya mtu fulani, mahali fulani. Alionja, akashukuru, kisha akatikisa kichwa.

"Siyo," alisema kila mara.

Aliyechoshwa na habari hizo ni jirani yake Shamsi, mwenye duka la nafaka, mtu wa swala tano.

"Kaka," Shamsi alimwambia siku moja, "mimi pombe haijapita kinywani mwangu tangu nizaliwe. Lakini kwa maneno yako, niamshe usingizini nitakutajia ya Heru Juu na ya Kibondo bila kukosea. Wewe hutafuti pombe. Unatafuta mtu."

"Natafuta pombe."

"Haya. Na huyo pombe anaitwa nani?"

Bazilio akainamia gurudumu kana kwamba limepata pancha ya pili.

Alikuwa anaitwa Jeanne Niyonsaba. Wakati kambi ya Mtabila ilipokuwa imejaa watu, Bazilio alikwenda huko kila Jumamosi kutengeneza baiskeli, na kazi ikiisha miguu yake ilijua yenyewe pa kwenda. Jeanne alipika pombe nyuma ya nyumba yake. Alikamua ndizi mbivu kwa majani, akakaanga mtama kwenye kigae cha chungu, akausaga na kuuchanganya na ile juisi, kisha akaiacha ichachuke. Alikuwa mjane, na Bazilio mkewe alikwishatangulia mbele ya haki miaka mingi nyuma. Bazilio aliketi juu ya jiwe akamsimulia vituko vya wateja wake: padri aliyeanguka mtaroni na mkungu wa ndizi, bwana aliyeleta baiskeli ya hawara kutengenezwa akamkuta mkewe kibandani. Jeanne alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, mwiko mkononi, mtama mbele yake.

Kisha alimchotea pombe iliyopikwa Jumamosi iliyopita. Kwanza alionja yeye, kama mila inavyotaka, mgeni ajue hakuna sumu. Halafu alichomoa mrija wa Bazilio kwenye nyasi za paa, akampa na kumwambia neno moja huku akibana kicheko.

"Yahiye."

Bazilio ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Chakula kikiiva husemwa hivyo: yahiye. Kwa hiyo alielewa kuwa pombe imeiva, naye akanywa. Ilikuwa tamu, lakini nyuma ya utamu kulikuwa na uchungu mdogo wa moshi uliokuja kwa kuchelewa na kukaa sana ulimini. Hakuwahi kukutana na ladha hiyo kwingine.

Siku ya malori alivaa shati lililopigwa pasi. Njia nzima alikuwa amelifanyia mazoezi neno lake: kwamba abaki, kwamba Kasulu kuna nyumba yenye vyumba viwili na mtu mmoja. Alipofika, Jeanne alikuwa amefunga mizigo. Alichomoa ule mrija kwenye paa, akampa. Naye Bazilio, mwanamume mzima mwenye ndevu, alifungua kinywa na kusema, "Safari njema, Mama."

Mama! Mwanamke aliyetaka kumwoa! Aibu ya neno hilo ilimrudia hata akiwa peke yake anatia hewa matairi.

Ndipo alipoanza kuzunguka na mrija wake mfukoni. Heru Juu alikuta pombe nyepesi ya kunywa mchana kabla ya kurudi shambani. Kibondo, nyuma ya soko, Winifrida alitia asali katika yake, nayo ilimpendeza hata akairudia mara tatu. Kakonko mzee Nsabimana alipika ya ulezi, nzito, ya kushibisha. Nzuri zote, na Bazilio hakuwa mtu wa kukataa sifa inapostahili. Kila mahali aliuliza kama ni yahiye, na kila mpishi alimshangaa.

"Yahiye, ndiyo. Ningekuuzia mbichi?"

Kiangazi cha 2014 Shamsi alirudi kutoka Mabamba alikokwenda kununua maharage. Hakushusha hata gunia.

"Kuna akina mama wa Burundi wanavuka siku za soko kuuza pombe," alisema. "Ya mmoja wao inasifiwa sana. Sikuonja, Mungu ni shahidi yangu. Lakini nilimsikia akicheka."

"Anacheka vipi?"

"Anafuta macho kwa kitenge."

Bazilio alifunga kibanda chake baiskeli ya mtu ikiwa bado miguu juu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Shamsi hakumuuliza anakwenda wapi. Siku ya soko iliyofuata alikuwa amekwisha fika Kibondo kwa basi, na kutoka hapo akapanda bodaboda mpaka Mabamba.

Kilabuni alimkuta mwanamke kijana aliyeitwa Uwimana. Alichota, akaonja, akampa. Bazilio alitumbukiza mrija wake akavuta. Pombe ilikuwa safi, tamu, haina doa. Hakika ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kunywa, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye viatu.

"Siyo," alisema.

"Siyo nini, mzee? Watu wanaigombania!"

"Ninayoitafuta ina moshi kidogo. Ina uchungu, mwishoni. Niliinywa Mtabila."

Uwimana aliutazama ule mrija, kisha akamtazama yeye.

"Yampayinka! Wewe ndiye yule fundi wa baiskeli? Mzee wangu, ile pombe ilikuwa imeungua! Dada Jeanne aliunguza mtama. Siku nyingine haunguzi, kama hii yake uliyokunywa sasa, ila Jumamosi ukija na hadithi zako anasahau kigae. Tukamwambia aimwage, akakataa. Akasema fundi anaipenda, mwekeeni."

"Lakini aliniambia yahiye."

"*Ego*, ndiyo, yahiye. Imeungua! Si neno ni lile lile? Alikuwa anakwambia ukweli, wewe unakunywa tu."

Bazilio alitaka kucheka, machozi yakawahi. Karibu miaka miwili alikuwa ameitafuta kwa wapishi hodari, na ilikuwa imetokana na hadithi zake mwenyewe.

"Yuko wapi?"

"Huko nyuma. Anakaanga mtama wa soko lijalo."

Jeanne alikuwa amechuchumaa mbele ya kigae, mwiko mkononi. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Alipoinua uso hakushtuka sana, kama mtu ambaye mgeni wake amechelewa tu.

"Amahoro, Bazilio."

"Amahoro, Jeanne." Hakuna Mama safari hii. Alivuta jiwe akaketi. "Siku ile nilikuja na neno. Nikalimeza."

"Nililisubiri mpaka lori likawashwa."

"Basi nimelileta. Nyumba yangu bado ina vyumba viwili na mtu mmoja. Nakutaka, Jeanne. Nilikutaka tangu Jumamosi ya kwanza."

Mwiko ulisimama. Jeanne alipandisha ncha ya kitenge kwenye macho, na hakuwa anacheka. Moshi mwembamba ukaanza kupanda kutoka kwenye kigae.

"Dada!" Uwimana alipiga kelele kutoka kilabuni. "Dada, mtama!"

Jeanne hakugeuka kuutazama mtama. Alimtazama Bazilio.

"Yahiye," akasema.