Mwonyeshe Fundi

"Usiiguse!" Anli alifoka, na muuza samaki aliyekuwa ameinamia gurudumu la mbele akaruka nyuma.

"Kwani ina nini, mzee wa mikate?"

"Ina safari yangu yote."

Wala hakuwa akitania. Chini ya uma wa mbele wa baiskeli yake palikuwa na kijisanduku cha chuma, kidogo kuliko kiberiti, chenye tarakimu kwenye kidirisha na kinyota cha meno pembeni. Gurudumu likizunguka mara moja, pini iliyofungwa kwenye spoki inakigonga kinyota jino moja, tki, na tarakimu zinasogea kwa uvivu. Asubuhi ile, pale gatini Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, zilisomeka kilomita mia saba na ishirini. Boti ya kutoka Ankify, upande wa bara, ilikwishaonekana, na ndani yake yumo Nadjma, mkewe, anarudi kutoka hospitali ya Mahajanga. Nani angekuwa na raha kama Anli siku ile? Alivaa kanzu ya Idi, ameipandisha kiunoni kwa ajili ya pedali, kofia ameilaza upande utadhani bwana harusi. Nyumbani masufuria ya pilau yalikuwa jikoni, na mtaa mzima umealikwa.

Nadjma alikuwa ameteleza kwenye ngazi za soko, mwaka themanini na moja, akavunjika paja. Madaktari wa kisiwani wakasema apelekwe Mahajanga. Anli akasema yeye hawezi kwenda, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Zile vurugu za Mahajanga za mwaka sabini na sita, Wakomoro kama yeye walipouawa mitaani na waliosalimika wakakimbia, zilikuwa zimemwachia mdogo wake Soudjay kaburini kule. Tangu hapo hakuwahi kutia mguu. Basi Nadjma akaenda na shangazi yake, amelazwa kwenye mkeka ndani ya boti, na Anli akabaki gatini na aibu yake. Mume gani huyo, alijiambia, anayemwogopa maiti kuliko anavyompenda mkewe?

Ndipo akaweka nadhiri. Mungu akimsimamisha Nadjma, yeye atamwendea Mahajanga kwa baiskeli, njia nzima, bila kutoka Nosy Be. Msicheke. Elamine, dereva wa lori aliyekuwa akienda na kurudi bara, alimwambia kwamba kutoka Ankify hadi Mahajanga ni kilomita mia saba na ishirini. Basi Anli angezipiga pedali hizo hizo hapa kisiwani, Hell-Ville hadi Dzamandzar na kurudi, katikati ya miwa, hadi zitimie.

Habari kwamba Nadjma amesimama ililetwa na Elamine huyo huyo, pamoja na ile mita ya kuhesabu kilomita, kile kijisanduku. Nadjma, aliposimuliwa nadhiri, alikuwa ameichukua kwenye sanduku la marehemu baba yake, aliyekuwa akitengeneza baiskeli Mahajanga, mtaa wa Mahabibo. "Mkeo anasema," Elamine alimwambia, "kabla hujaifunga, mwonyeshe fundi."

Anli akamwonyesha fundi. Akaifunga siku ile ile.

Na hakuiba hata hatua. Kila alfajiri alibeba mikate ya Hell-Ville kwenda Dzamandzar, na kila alfajiri aliigeuza ile pini ielekee ndani isigonge kitu. Kazi ni kazi, nadhiri ni nadhiri, Mungu hapunjwi. Akishamaliza mikate ndipo anairudisha pini mahali pake, anasema bismillahi, anaanza kwenda Mahajanga. Watu walimzoea. "Umefika wapi leo?" wangemwuliza kwa Kimalagasi, naye angewatajia mji wa bara, kwa majivuno kabisa, utadhani vumbi lake bado liko kwenye viatu.

Boti ikafunga kamba. Nadjma alishuka wa mwisho, mkongojo mkono wa kulia, mkono wa kushoto kwenye bega la baharia. Akaweka mguu mzima chini, kisha ule mwingine. Akasimama. Anli akafuta macho kwa mkono wa kanzu.

"Nimemaliza, Mama Laïla," alisema, kwa Kikomoro chao cha nyumbani. "Nimekufikia. Tazama mwenyewe."

Nadjma akainama taratibu, akakitazama kile kijisanduku. Akatazama tairi. Akarudi kwenye kijisanduku, akakifuta kwa ncha ya shiramani, nguo aliyojitanda.

"Baba Laïla, ulimwonyesha fundi?"

"Nilimwonyesha."

"Soulé alisemaje?"

"Soulé gani?"

"Soulé fundi! Fundi wa baiskeli!"

Anli akageuka. Nyuma yake alikuwa amesimama Mikidache, mwalimu wa chuo, aliyewasomesha Kurani nusu ya watoto wa mtaa. Naye, kama Wakomoro wote wanavyomwita mwalimu wa dini, aliitwa Fundi.

"Mimi," alisema Fundi Mikidache polepole, "niliisomea Fatiha. Nikaipulizia. Nikasema ni mita nzuri."

Lahaula! Nadjma alicheka mpaka baharia akamshika asianguke. Muuza samaki akacheka, wapagazi wakacheka bila kujua wanachekea nini. Fundi mwenyewe akacheka ndevu zikimtikisika. Ni Anli tu ambaye hakucheka, kwa sababu aliyaona macho ya mkewe, na macho yale yalikuwa na jambo zaidi.

"Sema," alimwambia.

"Imepigwa chapa ishirini na nane hapa chini. Gurudumu lako ni la inchi ishirini na sita. Mita hii inadhani gurudumu ni kubwa, kila mzunguko inakupa njia ndefu kuliko uliyokwenda." Akapiga hesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. "Umepungukiwa kama hamsini hivi."

Kilomita hamsini! Kicheko kikakatika. Anli akautazama mguu wa mkewe. Mguu ule ulikuwa umesimama kwa ahadi, na ahadi ilikuwa na tundu. Je, ukivunjika tena kesho, atamlaumu nani?

"Fundi," alisema, "niambie."

"Mungu anaijua nia yako, Anli. Nenda kale pilau."

"Kama ungekuwa wewe?"

Mzee akajikuna shavu. "Kama ningekuwa mimi," alisema, "pilau lisingenishuka."

Basi yakaisha. Anli akaifungua pini ya spoki, akaitia mfukoni. Sasa angezihesabu zile hamsini kwa mawe ya kilomita yaliyosalia barabarani. "Mpelekeni nyumbani," aliwaambia watu. "Kuleni. Nitarudi jioni."

"Nani apelekwe nyumbani?" Nadjma akauliza. "Miezi minane natazama dari, leo nimeshuka, mume ananikimbia? Toa kapu hilo la mikate."

"Mguu wako..."

"Mguu wangu haukai peke yake. Toa kapu."

Aliyekuwa hamjui Nadjma angebishana. Anli akalifungua kapu, akakunja gunia juu ya keria, na Nadjma akakaa upande, mkongojo akamwachia Fundi Mikidache aliyeupokea kwa mikono miwili asijue aufanye nini. Wakaondoka. Njia nzima alimsimulia Mahajanga: dada fulani kaolewa, duka fulani limepakwa rangi, na kwamba alikwenda makaburini na shangazi yake, wakang'oa majani juu ya Soudjay, mahali ni safi. Anli alisikiliza bila kugeuka. Kwa mara ya kwanza alilisikia jina la mji ule bila kifua kumbana, na machozi yalimtoka, upepo ukayakausha.

Kabla ya Dzamandzar kuna mwinuko mbaya. Mikate huupanda, lakini mikate si mke. Katikati yake mapaja yaliwaka moto, gurudumu likayumba, na Anli akajua sasa atashusha mguu, atashindwa mbele ya huyu mtu mmoja ambaye hakutaka kushindwa mbele yake. Akasimama juu ya pedali, akakaza meno.

Ghafla baiskeli ikawa nyepesi.

Akageuza shingo. Keria ilikuwa tupu. Nadjma alikuwa nyuma, mikono yote miwili ameikandamiza kwenye gunia, shiramani imemshuka mabegani, anasukuma. Mguu mzima, halafu ule mwingine, mguu mzima, halafu ule mwingine, na jasho linamtiririka.

"Mama Laïla! Mguu!"

"Tazama mbele, wewe," alihema. "Lori linakuja."