Klachi ya Waya, Klachi ya Mafuta

Waya wa klachi ulikatika Jumatatu asubuhi mbele ya geti la gereji, kana kwamba gari lenyewe lilijua pa kufia. Lina miaka hamsini na miwili, na thelathini na saba kati ya hiyo nimeliendesha mimi, tangu nikiwa mtunza bohari mwenye nywele.

Fundi Kipara aliingia uvunguni, akatoka na ncha ya waya iliyochanuka kama mswaki wa mti.

"Mzee, una njia mbili. Nikutilie waya mwingine, ubaki na pedali nzito ile ile. Au nikufungie klachi ya mafuta: pampu ndogo huku juu kwenye pedali, nyingine kule chini kwenye gia, mpira wa mafuta katikati. Utakanyaga kama unakanyaga mkate."

"Weka waya."

"Mbona haraka hivyo? Mguu wenyewe unauburuta kama gunia la chumvi."

Sababu nilikuwa nayo, ila haikuwa ya kusema. Kwa miezi minne mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, kuanzia kifundo kwenda chini. Sukari. Nilikuwa naendesha kwa paja. Klachi ya waya ni nzito, na inaposhika hutetemeka, mtetemo ukapanda hadi gotini; hapo ndipo najua imeshika. Mafuta hayana mtetemo. Yanataka unyayo ulio hai. Na mke wangu alishatamka mbele ya watoto: siku ukishindwa kuendesha mwenyewe, gari linauzwa. Mnunuzi yupo, kinyozi wa mtaa wa pili, na ameapa kulipaka rangi ya waridi.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikamwambia fundi kwamba gari la zamani lina heshima zake. Kwamba mwaka wa mafuriko niliikanyaga pedali hii kwa nguvu hadi maji yakarudi nyuma, yakaomba radhi. Kwamba waya ulipokatika mlimani niliuunga kwa utepe wa kanda ya muziki, gari likapanda kwa gia zote tano huku likiimba.

"Lina gia nne hili."

"Siku hiyo lilikuwa na tano."

Alicheka hadi akashikilia ukuta. Kisha akampigia simu mke wangu, maana kwetu hukumu hutoka kwake. Mke wangu aliuliza jambo moja tu: ipi itauonea huruma mguu wa mzee? Mjadala ukaisha.

Hapo nikasema kweli. "Fundi, unyayo siusikii. Ukiweka ya mafuta sitajua inashika wapi."

"Eti husikii!" Akajipiga paja. "Na juzi ulisema kidole gumba cha mguu huo huo ndicho kinachokutabiria mvua. Njia ya mwongo fupi, mzee wangu."

Ningeweza kumshika mkono, nikamwambia safari hii sichezi. Sikumshika. Nilicheka naye.

Alhamisi kazi ilikwisha. Fundi alikuwa mbele ya gari akirudi kinyumenyume, akiniita kwa mikono miwili. Nyuma yake kulikuwa na meza ya chuma. Nikakanyaga, nikatia gia ya kwanza, nikaanza kuachia pole pole, nikingoja goti liniambie. Goti halikuniambia kitu.

Gari likaruka, likazimika.

Bampa lilikuwa limegusa suruali ya fundi. Kati ya chuma na chuma palikuwa na miguu yake miwili na hewa kidogo. Alijichomoa kwa ubavu, akaja akafungua mlango wangu.

"Usiogope," nilimwambia, "nimeshaikanyaga tena mpaka mwisho."

Akatazama chini. "Mzee, kiatu kimekuvuka, kimenasa kwenye pedali. Mguu uko sakafuni. Hujakanyaga kitu."

Akanivua soksi. Katikati ya vidole palikuwa na kidonda cheusi nisichowahi kukiona. Akabonyeza kando yake kwa kidole.

"Hapa?"

"Hapa wapi?"

Akaketi juu ya tairi kuukuu.

"Ulisema," alisema.

"Nilisema."

"Nirudishe waya?"

Waya ungenipa miezi mitatu, labda minne. Ningemdanganya mke wangu na daktari pia, na ningeweza, kipaji ninacho. Lakini pale aliposimama fundi angesimama mtu mwingine.

"Usirudishe."

Nikapiga simu nyumbani. "Mama watoto, mwambie kinyozi aje alichukue gari."

Akaangua kicheko. "Leo kinyozi kakufanya nini tena? Haya, endelea, nakusikiliza."

Nikarudia. Akacheka zaidi, akamwita jirani aje asikie. Nikamnyooshea fundi simu.

"Sema wewe. Wewe atakuamini."

Fundi alifuta mikono kwenye ovaroli, kidole baada ya kidole, taratibu mno, kabla ya kuipokea.