Kioo cha Mwisho

Watu wakikuuliza kwa nini hunywi pombe, hawataki jibu, wanataka kisa. Wanataka niwatajie baba aliyekuwa akirudi nyumbani akiyumba, au daktari aliyenitisha, au nadhiri niliyoweka msibani. Sina. Baba yangu alikunywa chupa moja kila Jumamosi, akacheka, akalala. Mimi sinywi kwa sababu sitaki. Miaka kumi na moja kwenye karakana ya vioo nimejibu hivyo hivyo, na wenzangu wamenitazama hivyo hivyo, kama mtu anayeficha kitu. Ndipo wakaniita Soda. Jina likanikaa, nami sikulikataa, maana soda naipenda.

Tuko wanne. Kuna fundi mkuu, ambaye sote tunamwita Mzee. Kuna Gundi, anayeziba kingo kwa silikoni na kubishana na kila anayepita. Kuna shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, niliyemtafutia kazi hii mwenyewe na ambaye sasa ndiye wa kwanza kunitania. Halafu mimi. Kazi yetu ni madirisha makubwa ya maduka na maofisi. Kioo cha mita mbili kwa tatu hakibebwi kwa ubavu, hubebwa kwa masikio: mmoja anahesabu mpaka tatu, wote wananyanyua kwa pamoja, na aliye kona ya chini ndiye anayeamua kinavyotua, kwa kuwa kikiteleza kinamwangukia yeye. Kona ya chini ni yangu. Hata Gundi anakubali, na Gundi hakubali kitu.

Isipokuwa kioo cha mwisho. Kwetu kila jengo lina kioo chake cha mwisho, na anayekitua huandika jina lake kwa penseli ndani ya fremu, mahali patakapofunikwa na utepe wa mpira pasionekane tena. Kikishakaa, yeye ndiye anayekunywa wa kwanza katika kikombe cha Mzee, kikombe cha bati kilichobonyea ubavuni, kisha kikombe kinazunguka. Asiyekunywa hatui. Kwa hiyo majengo sitini na kitu yamepita, jina langu haliko hata kwenye moja. Wametua wengine, tena kwa kupapasa, mimi nimeshika ngazi. Sitajitia hamnazo hapa: iliniuma, na kila mara iliniuma upya.

Maktaba mpya ya shule ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya Mzee kabla ya kustaafu. Asubuhi ya siku ile alinivuta pembeni.

"Kile cha mwisho, cha mbele, ni chako, Soda."

Moyo ulinidunda, sina haja ya kuficha. "Na kikombe, Mzee?"

"Utagusisha mdomo tu. Nani atakuchungulia kooni?"

"Sigusishi."

Alishusha pumzi, akaondoka. Nikajua kimeniponyoka tena. Lakini shemeji alikuwa amesikia, na shemeji ana moyo mzuri kuliko kichwa chake. Saa nane mchana nilikwenda kwenye gari kuchukua vile vishikio vya mpira vinavyonyonya kioo. Niliporudi, nilimkuta anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Shem, nimelimaliza," akasema. "Tumekunywa kabisa, kabla ya kioo. Kikombe kimeshazunguka, wa kwanza kunywa hatafutwi tena. Wewe andika jina, tua, kwisha habari."

Mzee alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Gundi alikuwa anafuta midomo. Walikuwa wameinamisha desturi ya miaka yote kwa ajili yangu, na niliguswa kweli. Nikapiga magoti, nikaandika jina langu ndani ya fremu kwa herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha tukakishika kioo, na Mzee akahesabu.

Shemeji alinyanyua kwenye mbili.

Kioo kilipanda upande mmoja kiasi cha kidole, kikalia mlio mdogo ambao fundi yeyote wa vioo anausikia mpaka tumboni. Gundi akacheka. Hapo ndipo nilipojua wamezidisha.

"Wekeni chini," nikasema.

"Ah, kateleza tu," akasema Gundi. "Kikombe kimoja."

"Viwili," akasema shemeji, ambaye hajui kudanganya. "Cha pili cha kumuaga Mzee."

"Wekeni chini. Hakipandi leo."

Wakakiegemeza ukutani. Mzee alinitazama kwa macho mekundu kidogo. "Binti, nimebeba vioo nimekunywa wewe hujazaliwa."

"Najua, Mzee. Ila aliye chini yake leo ni mimi."

"Tunakupa kitu ulichokililia miaka yote, unakitupa?" akasema Gundi. "Basi natua mimi."

"Tua. Kona ya chini shika wewe, shemeji anyanyue juu yako."

Walitazamana. Shemeji akatazama viatu vyake.

"Mwalimu mkuu anakuja saa kumi kuchukua ufunguo," akasema Mzee. "Umeniharibia siku yangu ya mwisho." Alilisema taratibu, na ningependa zaidi angefoka.

Nilivua glavu, nikamfuata mwalimu mkuu ofisini kwake. Nikamwambia kioo kitawekwa kesho saa moja asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia. Aliuliza kuna tatizo gani. Nikamwambia hakuna tatizo, tumechoka, na kioo hiki hakitaki watu waliochoka. Uongo huo nilimpa Mzee kama zawadi, ingawa hakuujua. Sikuwa na hakika wangerudi. Nilikuwa na hakika tu kwamba nilifanya sawa.

Asubuhi nilifika wa kwanza. Shemeji akaja, uso umemshuka, akasema, "Shem, nisamehe." Nikamwambia ashike kitambaa afute fremu. Gundi akaja bila neno, nikaona maajabu yapo. Mwisho akaja Mzee, na ovaroli yake, siku ambayo alipaswa kuwa amelala kwake.

Alikibandika kishikio chake kwenye kioo. Akakibandua. Akakibandika tena. Ndipo nikaona mikono: ilikuwa inatetemeka yote miwili, mpaka kishikio kinagonga kioo.

"Asubuhi mikono hainitii," akasema, akiitazama kama ya mtu mwingine. "Mpaka nipate kidogo."

"Umepata leo?"

"Jana ulikataa tukibebe tumekunywa."

Miaka kumi na moja nilidhani kikombe kile kinazunguka kwa ajili ya furaha yetu. Nikamhurumia. Nikatoa penseli nikampa.

"Andika na lako, pembeni ya langu."

"Halitasomeka."

"Litafunikwa na mpira, Mzee. Nani atalisoma?"

Akaandika. Mistari ilikwenda ilikotaka yenyewe. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amekuja kuchungulia, akavua koti bila kuulizwa, akashika kona ya Mzee, nami nikamwonyesha vidole viweje. Mzee akahesabu. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Kwenye tatu tulinyanyua wote wanne, nikakipokea chini, nikakilaza kwenye fremu polepole, kikakaa. Gundi akaweka pimamaji juu yake, akatazama muda mrefu akitafuta kasoro, akaikosa.

Mzee alikuwa ameshakwenda bombani. Nilimwona kupitia kioo kipya akisuuza kikombe cha bati mara moja, mara mbili, mara tatu, akikinusa kila mara. Kisha akakijaza maji, akarudi amekishika kwa mikono miwili, maji yakimwagikia ovaroli na viatu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Wa kwanza," akasema, akanipa.

Yalikuwa yamebaki nusu. Nikayanywa yote.