Aliyeachia Ngazi

"Soma polepole, binti yangu. Mimi na shule tuliachana zamani, wala hatukuagana."

Mama Pacha alimsomea mzee karatasi ya meneja wa duka. Ilisema mzee, mpanga bidhaa kwenye rafu, alianguka kwa sababu mwenzake aliiachia ngazi kwa uzembe. Mzee akitia dole gumba, akipona atarudishwa kazini. Mwenzake atafukuzwa.

"Mwenzako ndiye mimi," alisema. "Na ni kweli, niliachia. Tia dole, baba, nipate usingizi."

Mzee alijiinua kitandani, mguu wa plasta mzito kama gogo. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyeingia chumba kile na chupa ya chai mpaka leo.

Dukani kila mtu aliijua ngazi ile. Ndoano ya kuizuia isitanuke ilikatika miezi saba iliyopita, wafanyakazi wakajitungia sheria: mmoja akipanda, mwingine anachuchumaa na kuikumbatia miguu ya ngazi. "Kama mume aliyerudi safari," Mama Pacha alizoea kutania.

"Nani alikuita siku ile?" mzee aliuliza.

"Meneja. Alifoka kutoka kaunta, eti foleni imefika mlangoni."

"Ukachomoka tu kama swala?"

"Nilikuuliza kwanza."

"Nikajibu nini, nami niko juu na katoni ya sabuni begani?"

Mama Pacha akainamisha uso. "Ulisema, 'Nenda, asije akakuaibisha mbele ya wateja.'"

"Basi." Mzee alicheka kicheko kikavu. "Wakubwa hawa! Ndoano nimeilalamikia mpaka ulimi ukaota sugu, hawakusikia. Kosa la mnyonge wanalinusa kama paka na samaki. Lete kalamu."

"Wanataka dole tu, baba. Kazi yako je?"

"Dole halisemi. Lete."

Aliigeuza karatasi upande mtupu, akailaza juu ya plasta. Herufi zilitoka kubwa, moja moja, kama watu wanaovuka tope: ALIITWA NA MENEJA. MIMI NIKAMRUHUSU. NGAZI NI MBOVU. Jasho lilimtiririka.

"Haya, mpelekee meneja. Wanao wanakungoja."

Mama Pacha hakuondoka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaitazama nafasi iliyobaki chini ya maneno ya mzee, nyembamba kama utepe. Kisha akachukua kalamu na kuanza kuandika jina lake, lote, la kwake na la baba na la babu, akilibana lisitoke nje ya karatasi.