Kijiko cha Bwana Mkubwa

Nesi aliuliza kama mtoto anatazama chakula watu wanapokula. Nikajibu, "Bado."

Uongo mtupu. Jana yake tu, akiwa amepakatwa na mama mkwe, alimpokonya kipande cha mkate na kuking'ang'ania mpaka kikapondeka. Na mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi hapo kando yangu kwenye benchi la kliniki, mkoba mapajani. Akanitupia jicho. Nikajua leo naumbuka. Kisha akainamia mkoba wake.

"Shingo imekaza, anakaa vizuri, na miezi sita ndiyo hiyo inatimia," nesi alisema huku akimtoa mtoto kwenye mzani. "Akianza kufuata chakula kwa macho, mwanzishie. Kidogo kidogo, tena kilaini. Maziwa yako yanaendelea vilevile."

"Sawa," nikasema. Siku hizi kila kitu kwangu ni sawa.

Nyumbani tunamwita Bwana Mkubwa, maana wote tunamtumikia. Mama mkwe anamwogesha, anambembeleza, anajua kilio cha njaa na cha usingizi. Baba yake akirudi kutoka gereji anamrusha juu, mtoto anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Mimi nimekauka moyo tangu nijifungue. Simchukii. Namtazama tu, kama mtoto wa jirani aliyeachwa kwangu mara moja. Ila njaa ikimshika, hakuna wa kumtuliza ila mimi. Ananyonya, natazama ukuta. Ndiyo kazi yangu pekee humu ndani, na sasa watu wanataka kuigawa.

Tulipofika, mama mkwe alivua viatu, akaingia jikoni, akachemsha boga na kuliponda mpaka likawa laini. Nilimsikia akikwangua sufuria. Hasira zikanipanda, nikashangaa kumbe bado ninazo.

Akaja na bakuli. "Haya, kwa nini umemdanganya nesi?"

"Akianza kula, mtamlisha nyinyi."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa wa nini, mama? Hamnihitaji. Hata yeye hanihitaji."

Nilisema hivyo bila chozi, kwa sauti ileile ninayoombea chumvi mezani. Akasimama na bakuli lake. Nilikuwa nangoja anipe vidonge vyangu, anisute mpaka nikome.

"Mimi nilidhani ni ukaidi," alisema. "Kumbe unaumwa, mwanangu, na tunakuangalia tu. Kesho tunarudi kwa nesi, na safari hii utamweleza ya kwako." Akanikabidhi bakuli. "Mlishe. Mimi kazi yangu kuosha vyombo."

Nikampakata, nikachota kwa ncha ya kijiko. Moyoni sikusikia lolote, sidanganyi. Bwana Mkubwa alikitazama kijiko, akanitazama mimi, akafungua kinywa. Boga likaingia, likatoka lote kidevuni, naye akakunja uso kama aliyelishwa ndimu. Nikamfuta. Nikachota tena.

"Wewe nawe funga mdomo," mama mkwe alisema. "Boga lenyewe si lako."

Ndipo nikagundua kinywa changu kiko wazi, kimepanuka sawasawa na cha mwanangu. Sijui kilifunguka saa ngapi. Sikukifunga, maana kijiko kilikuwa bado njiani.